Sera Haishuki Kwenye Kompyuta? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Filta za Group Policy

Ukurasa huu ni wa wale wanaosimamia kompyuta za ofisi kwa domeini ya Windows, yani Active Directory, hasa wale ambao IT nzima ya kampuni ni wao wawili au mmoja tu, halafu bosi anauliza kwanini kompyuta za uhasibu zimepata printa mpya na za stoo hazijapata. Maswali ni yaleyale, ila siku hizi yameongezeka kwa sababu Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi nyingi zinahamia Windows 11, na zile filta zilizoandikwa enzi za Windows 7 na mtu ambaye alishaacha kazi ndo zinaanza kutoa majibu ya ajabu.

Kabla hujaenda mbali naomba ushike kitu kimoja. Filta haiamuliwi kwenye seva, inaamuliwa kwenye kompyuta ya yuza. Ukikaa kwenye seva unabadilisha badilisha vitu bila kwenda kuisikiliza ile mashine inasema nini, utamaliza siku nzima na jioni utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Hizi filta ni nini hasa, na ziko za aina ngapi?

Group Policy ni njia ya kusukuma setting kutoka kwenye domeini kwenda kwa kompyuta na yuza wengi kwa mara moja. Sera unaitengeneza kama GPO, yani kifurushi kimoja cha setting, halafu unaiunganisha na site (eneo la mtandao), domeini au OU (folda ya kupangia kompyuta na yuza ndani ya domeini), na kwa kawaida inawapata wote walio chini ya hapo. Filta ndo namna ya kusema hapana, sio wote, hawa tu.

Utakutana na aina tatu. Kuna filta ya usalama, ambayo ni ruhusa tu: kompyuta au yuza lazima awe na ruhusa ya kuisoma GPO na ruhusa ya kuitumia, bila zote mbili hapati kitu. Kuna filta ya WMI (ile huduma ya Windows inayojibu maswali kuhusu mashine yenyewe), ambayo ni swali dogo kompyuta inajiuliza, mfano mimi ni Windows gani, mimi ni seva au mashine ya kawaida, na jibu likirudi na kitu sera inaingia, likirudi tupu sera inaachwa. Halafu kuna item-level targeting, hii iko ndani ya Preferences, ile sehemu ya GPO ya kuweka vitu kama printa na drevu za mtandao (folda za seva zinazoonekana kama diski), na inachuja kitu kimoja kimoja, printa moja, drevu moja, shortcut moja, bila kugusa GPO nzima.

GPO moja inabeba filta moja tu ya WMI, ila filta moja unaweza kuipa GPO hata kumi, kwahiyo ukiibadilisha ujue unagusa zote kumi. Na filta ya usalama na ya WMI hazisaidiani, lazima zote zikubali, moja ikikataa imeisha.

Sera haijaingia, naanzia wapi?

Nenda kwenye kompyuta yenyewe, fungua CMD kama admini, andika:

gpresult /h C:\Temp\ripoti.html

Folda ya Temp iwepo kabisa kabla hujaandika. Ikimaliza fungua hilo faili kwenye brauza. Ndani utaona GPO zilizoingia na chini yake zilizokataliwa, na kila iliyokataliwa ina sababu yake pembeni. Hiyo sababu ndo inakuambia uende njia gani, kwahiyo isome kabla hujagusa kitu chochote. Ikisema Security tatizo ni ruhusa. Ikisema WMI Filter, swali lako limerudisha tupu. Ikisema Empty basi GPO haina setting yoyote upande huo, labda uliweka za yuza ukazitafuta upande wa kompyuta. Ikisema Disabled kuna mtu kaizima. Na kama GPO haipo kabisa, sio kwenye zilizoingia wala zilizokataliwa, basi filta haihusiki, kompyuta iko OU nyingine au link haipo. Nimeona watu wakihangaika na filta siku mbili kumbe kompyuta bado imekaa kwenye ile kontena ya Computers ambayo sio OU na huwezi kuiunganishia GPO.

Ukitaka undani zaidi fungua Event Viewer, ingia Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, GroupPolicy, halafu Operational. Tukio namba 5312 linaorodhesha zilizoingia, 5313 zilizokataliwa na sababu zake. Nazipenda hizi logi kwa sababu zinaonyesha na saa, unajua kabisa jana asubuhi sera ilikuwepo na saa nane mchana ikatoka.

gpresult yangu haionyeshi upande wa kompyuta, inaonyesha yuza tu. Kwanini?

Kwa sababu hukufungua CMD kama admini. Yuza wa kawaida haruhusiwi kuona upande wa kompyuta.

Ila kuna mtego hapa. Ukifungua kama admini kwa akaunti yako mwenyewe kwenye kompyuta ya mama wa uhasibu, upande wa yuza utatoka wa kwako, sio wa yule mama, halafu utamwambia sera zake ziko sawa wakati umeangalia zako. Ongeza jina lake:

gpresult /user KAMPUNI\jina /h C:\Temp\ripoti.html

Na lazima awe ameshawahi kulogini kwenye mashine hiyo, asipokuwa ameingia hata mara moja itakuambia hana data.

Inasema Denied, Security, lakini yuza yuko kwenye grupu kabisa nimemuona kwa macho yangu!

Hili ndo swali namba moja kuliko yote, nitalijibu kwa urefu.

Zamani sera za yuza zilikuwa zinasomwa kwa ruhusa za yuza mwenyewe. Juni 2016 Microsoft wakatoa apdeti ya usalama inaitwa MS16-072, wakabadilisha: sera za yuza sasa zinasomwa kwa ruhusa za kompyuta. Walifanya vile kuziba mwanya wa mtu kukaa katikati ya njia na kuchezea sera zinazosafiri kwenda kwenye kompyuta, na kwa kweli walikuwa sahihi. Lakini admini wengi walikuwa na tabia ya kuondoa Authenticated Users (grupu la wote wanaotambuliwa na domeini, watu na kompyuta) kwenye GPO na kuweka grupu lao tu, mfano Uhasibu. Grupu lile lina watu, halina kompyuta. Apdeti ilipoingia, kompyuta ikawa haiwezi kuisoma GPO, na sera ikapotea.

Nakumbuka asubuhi ile, ofisi niliyokuwa nafanya kazi wakati huo, watu wanafungua kompyuta drevu za mtandao hakuna, printa hakuna, simu zinalia kila meza na sisi tunakagua seva ya mafaili ambayo haikuwa na kosa lolote. Tulikuja kujua mchana.

Dawa yake ni hii, fungua GPO, nenda tabo ya Delegation, ongeza Authenticated Users mpe Read peke yake, usimpe Apply. Ukipenda unaweza kutumia Domain Computers badala yake. Grupu lako la Uhasibu libaki kwenye Security Filtering kama lilivyo. Hapo kompyuta inaweza kuisoma lakini inatumika kwa wale wa Uhasibu tu. Miaka yote hii imepita na bado kila mwaka nakutana na ofisi ambayo mtu mpya kaondoa Authenticated Users akaacha hivyohivyo, kwa sababu konsoli inakuruhusu kuiondoa kirahisi sana.

Kitu kingine, angalia kama kuna Deny mahali. Deny inashinda Allow siku zote, na mtu akiwa kwenye magrupu mawili, moja limeruhusiwa na lingine limekatazwa, amekatazwa.

Nimeongeza kompyuta kwenye grupu sasa hivi, nimepiga gpupdate /force mara tano, bado inakataa.

Hata ukipiga mara hamsini. Kompyuta inajua magrupu yake kupitia tiketi ya Kerberos, yani kitambulisho inachopewa na domeini, iliyochukua wakati inawaka, na gpupdate, ile amri ya kuleta sera palepale, haichukui tiketi mpya. Iristati. Kwa yuza vilevile, atoke aingie tena, kufunga skrini na kufungua hakutoshi.

Kama ni mashine ambayo huwezi kuiristati mchana, mfano seva, futa tiketi za mashine kwa hii, CMD ya admini:

klist -li 0x3e7 purge

halafu ndo upige gpupdate. 0x3e7 ni kitambulisho cha logini ya mfumo wenyewe, sio ya kwako, ndo maana klist purge ya kawaida haisaidii hapa.

Inasema Denied, WMI Filter. Nitajuaje swali langu limekosea wapi?

Lipeleke swali kwenye mashine inayokataa uliulize kwa mkono. Fungua PowerShell hapohapo:

Get-CimInstance -Query 'SELECT * FROM Win32_OperatingSystem WHERE Version LIKE "10.0.2%" AND ProductType = "1"'

Ikirudisha kitu, filta inakubali. Ikikaa kimya, inakataa. Ikitoa maandishi mekundu swali lenyewe limeandikwa vibaya, na mara nyingi ni zile alama za nukuu zilizopinda ulizokopi kutoka Word au WhatsApp, kwahiyo ziandike upya kwa kibodi.

Kama imekaa kimya na we unaona ilitakiwa ikubali, muulize mashine yeye anajionaje:

Get-CimInstance Win32_OperatingSystem | Select Version, BuildNumber, ProductType

Hapo ndo utashangaa. Windows 11 haijiiti 11, inajiita 10.0 kama Windows 10, tofauti iko kwenye namba ya bildi tu. Windows 11 ilianza na 22000. Windows 10 zote bildi zake zinaanza na 1, kuanzia 10240 mpaka 19045, na Windows 11 zote mpaka sasa zinaanza na 2. Ndo maana kwenye mfano wa juu nimeandika 10.0.2 halafu asilimia, na ukitaka Windows 10 tu unaandika 10.0.1 halafu asilimia. Ukiandika 10.0 na asilimia peke yake umezikamata zote mbili.

ProductType usiiache. 1 ni mashine ya kawaida, 2 ni domeini kontrola (seva inayoendesha domeini), 3 ni seva nyingine. Seva nazo zinatumia namba hizohizo za 10.0, Server 2022 ni bildi 20348, Server 2025 ni 26100 sawasawa na Windows 11 ya 24H2, kwahiyo usipoweka ProductType ile sera yako ya kufunga skrini na kuzima USB inaingia mpaka kwenye seva.

Filta yetu ilikuwa inafanya kazi miaka yote, tulipoleta Windows mpya ikakufa. Imeandikwa Version >= "6.1". Si 10 ni kubwa kuliko 6?

Kwa hesabu ndiyo. Ila Version kwenye WMI sio namba, ni maandishi, na maandishi yanalinganishwa herufi kwa herufi kama kwenye kamusi. Inachukua herufi ya kwanza, 1 na 6, inaona 1 inatangulia, basi imeamua kwamba 10.0 ni ndogo kuliko 6.1. Mwandishi wa filta wala hakukosea kwa wakati wake, Windows 7 ilikuwa 6.1, Windows 8 6.2, 8.1 ikawa 6.3, zote zinaenda sawa, mpaka 2015 Windows 10 ilipokuja na 10.0.

BuildNumber nayo ni maandishi, kwahiyo 9600 inaonekana kubwa kuliko 10240. Ukilinganisha namba zenye tarakimu tano kwa tano huumii, zikichanganyika unaumia. Mimi natumia LIKE, inasomeka vizuri na atakayekuja baada yangu ataelewa.

Nataka sera ya laptopu tu, desktopu zisiguswe.

Kuna watu wanauliza Win32_Battery, yani kama ina betri ni laptopu. Kwa ofisi zetu hii ina shida, desktopu ikiunganishwa na UPS kwa waya wa USB Windows inaweza kuiona ile UPS kama betri, na kwa umeme wetu kila desktopu ya maana ina UPS. Tumia hii:

SELECT * FROM Win32_ComputerSystem WHERE PCSystemType = 2

2 maana yake ni mashine ya kubeba. Hapa PCSystemType ni namba kweli, haihitaji nukuu. Ila kama unaweza kuzitenganisha kwa OU, OU ya laptopu na OU ya desktopu, fanya hivyo, haina swali la kuuliza, na mtu yeyote akifungua konsoli anaona.

Tangu tuweke filta, kompyuta zinachelewa kuwaka. Inawezekana ni filta?

Inawezekana sana, hasa kama ndani yake kuna Win32_Product. Mtu anataka kujua kama mashine ina programu fulani, anatafuta, anakuta Win32_Product, anaiweka. Tatizo ni kwamba ukiiuliza hiyo, Windows inapitia kila programu iliyosetiwa kwa MSI (faili la usetiji la Windows) na kuikagua upya kama imekamilika, na ikikuta kitu hakijakaa sawa inaweza kuanza kukirekebisha palepale. Sasa weka hiyo kwenye filta, na filta inaulizwa kila kompyuta inapowaka, kila mtu anapolojini, halafu kila dakika 90 na nyongeza ya nasibu mpaka dakika 30. Naomba kama unayo iondoe leo.

Badala yake tumia item-level targeting ya kuangalia faili au rejista, ni nyepesi mno. Maswali ya Win32_OperatingSystem na Win32_ComputerSystem ni mepesi pia, hayo hayana shida.

Filta ni sahihi, kompyuta 40 zimekubali, moja tu inagoma.

Basi WMI ya mashine hiyo inaumwa. Kwenye logi ya System tafuta tukio 1065, linasema Windows imeshindwa kuitathmini filta. Angalia kwanza kama sevisi ya Windows Management Instrumentation inatembea, kuna zile programu za kuharakisha kompyuta watu wanashusha mitandaoni huwa zinaizima. Halafu:

winmgmt /verifyrepository

Ikisema inconsistent, jaribu winmgmt /salvagerepository. Usikimbilie /resetrepository, na usifute ile folda ya Repository kama baadhi ya video zinavyofundisha, maana programu nyingine zimejisajili humo ndani, antivairasi na ajenti za usimamizi, ukifuta unazivunja na hizo.

Hakuna filta iliyokataa, ila gpupdate yenyewe inafeli.

Hapo achana na filta, mashine haijafika hata kwenye kuisoma. Kwa uzoefu wangu ni vitu viwili, saa na DNS, yani huduma inayogeuza majina ya mashine kuwa anwani.

Saa kwanza. Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya kompyuta na domeini kontrola. Kompyuta za zamani kwenye matawi, umeme ukikatika usiku na ile betri ndogo ya CR2032 kwenye madabodi imeisha, zinawaka asubuhi zikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Yuza anaweza hata kuingia kwa paswedi iliyohifadhiwa kwenye mashine na asione tofauti, ila sera haziji. Nilisafiri mara moja mpaka tawini kwa ajili ya hii, safari ya siku nzima ya basi, na dawa ilikuwa ni betri inayouzwa dukani kwa fundi saa. Usisahau na majira, mtu akiweka saa ya ukutani sawa lakini zoni sio ya Afrika Mashariki, yani UTC+3, skrini inaonekana sahihi na ndani bado saa imekosea kwa masaa.

DNS ndo ya pili. Kompyuta ya domeini inatakiwa iulize DNS ya domeini tu. Mtu akiweka 8.8.8.8 kama DNS ya pili ili intaneti isikatike, siku mashine ikiamua kuuliza huko, Google haijui domeini yenu ya ndani, na jibu ni haipo. Inafanya kazi leo, kesho haifanyi, ndo maana inasumbua kuikamata. Hiyo 8.8.8.8 iweke kama forwarder kwenye seva ya DNS, yani pale seva inapokwenda kuuliza isichokijua, sio kwenye kompyuta. Kujaribu:

nltest /dsgetdc:kampuni.local

ukiweka jina la domeini yenu. Ikikupa jina la kontrola uko salama. Kwenye logi ya System tukio 1129 maana yake haikuipata kontrola, 1058 imeipata lakini imeshindwa kusoma faili la sera kwenye SYSVOL, ile folda ya kontrola yenye mafaili ya sera, angalia kama pota 445 haijafungwa na fayawoli katikati ya tawi na makao makuu.

Tawi letu lina laini ndogo, sera nyingine zinaingia nyingine haziingii.

Windows inapima laini, na ikiwa chini ya 500 kbps inaihesabu kuwa ya taratibu. Hapo sera za usalama na zile za Administrative Templates (setting zinazoandikwa kwenye rejista) zinaendelea kuingia, ila usetiji wa programu na Folder Redirection (kuhamishia folda za yuza kama Documents kwenye seva) vinaachwa. Sio filta, ni makusudi, ili tawi lisizibwe na MSI ya mega 300. Kiwango unaweza kukibadilisha kwa sera yenyewe, ila fikiria kwanza kama kweli unataka hiyo MSI ipite kwenye laini hiyo asubuhi watu wote wakiwa wanawasha mashine.

Wa VPN nao shida yao inafanana kidogo. Sera za kompyuta zinataka kuonana na kontrola wakati mashine inawaka, na VPN nyingi zinawashwa baada ya mtu kulogini. Zile za kawaida zitakuja baadaye kwenye mzunguko wa dakika 90 VPN ikiwa hewani. Lakini usetiji wa programu na Folder Redirection vinafanyika wakati wa kuwaka na kulogini tu, kwahiyo kwa mtu wa nyumbani havitakuja mpaka VPN iunganishwe kabla ya logini au aje ofisini.

Nimeondoa mtu kwenye filta lakini setting zimebaki kwake.

Inategemea ulizileta kwa njia gani. Zile za Administrative Templates zinaondoka zenyewe sera ikikatwa. Zile za Preferences hazitoki, printa inabaki, drevu inabaki, rejista inabaki, mpaka uwe uliweka tiki kwenye Remove this item when it is no longer applied. Na hiyo tiki ilitakiwa iwepo wakati sera bado inamfikia, ukiiweka baada ya kumtoa haimfikii tena. Kwahiyo mrudishe, weka tiki, ngoja iingie, ndo umtoe. Inachosha, lakini ndo njia.

Nimeweka setting za yuza kwenye GPO iliyo kwenye OU ya kompyuta, haifanyi kitu.

Ni kawaida. Yuza anafuata OU yake yeye, hafuati kompyuta aliyokalia. Ukitaka zimfuate kwa sababu ya kompyuta, mfano chumba cha mikutano au kioski cha mapokezi, washa loopback, ile setting inayompa yuza setting za yuza kutoka OU ya kompyuta, kwenye GPO ya OU hiyo. Ina namna mbili. Merge inachanganya na za kwake na zikigongana za OU ya kompyuta ndo zinashinda, Replace inazitupa za kwake kabisa. Kwa kioski mimi naweka Replace.

Kompyuta mbili, OU moja, filta moja, moja ina sera mpya nyingine ya zamani.

Angalia kila moja imeongea na kontrola gani, andika echo %logonserver% au soma kwenye ripoti ya gpresult. Kama ni kontrola tofauti, sera haijasambaa kati yao. GPO ina vipande viwili, kimoja kiko kwenye Active Directory na kingine ni mafaili kwenye SYSVOL, na kila kipande kinasafiri kwa njia yake, kwahiyo kimoja kinaweza kufika kingine kikakwama. repadmin /replsummary inakuonyesha hali ya Active Directory. Kwa SYSVOL fungua logi ya DFS Replication kwenye kila kontrola, au njia ya haraka, tengeneza faili dogo la maandishi kwenye SYSVOL ya moja uone kama linatokea kwenye nyingine, halafu ulifute.

Tuna bakapu ya GPO zote. Filta nazo ziko humo?

Hapana, na watu wengi wanajua hili siku ya msiba. Bakapu ya GPO inahifadhi jina la filta iliyounganishwa, sio filta yenyewe. Filta za WMI unaziexport moja moja kutoka kwenye konsoli ya Group Policy Management, unapata faili la .mof, unaliweka pamoja na bakapu.

Na kabla ya kufuta filta yoyote ibonyeze uangalie orodha ya GPO zinazoitumia. Ukifuta filta na GPO ikabaki inaielekezea, ile GPO haigeuki kuwa ya wote kama watu wanavyodhani, inaacha kufanya kazi mpaka uondoe ule muunganiko au uirudishe filta. Ukiwa na lile faili la .mof ni dakika mbili. Kwenye sehemu ya maelezo ya kila filta andika iliwekwa kwa ajili gani na tarehe, mfano Windows 11 za ofisi bila seva, Machi 2026.